Dhahabu ya Salamabila na Glasi ya Maji

Ujumbe wa namna hii huja kwa adabu zote. Unaanza na shikamoo, unaulizia afya ya watoto, kisha unatua panapohusika: kuna mzee wa Salamabila, mkoani Maniema, Kongo, ana kilo 50 za dhahabu, vita vimemfungia njia, na yuko tayari kupunguza bei kwa mtu mwaminifu. Chini yake kuna picha. Ndoo ya plastiki imejaa vipande vya njano hadi mdomoni, na kijana ameinyanyua kwa mkono mmoja huku anatabasamu.

Picha hiyo peke yake yatosha. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara 19 ya uzito wa maji. Ndoo ya lita 10 iliyojaa dhahabu bila upenyo ingefika kilo 193. Tuseme vipande vimeachiana nafasi, nusu ya ndoo ni hewa: bado ni karibu kilo 97, sawa na mifuko miwili ya saruji ikining'inia kwenye mshikio wa plastiki. Kijana yule asingetabasamu. Na hizo kilo 50 zinazotajwa, zikiyeyushwa, hazizidi lita 2.6.

Ubaya ni kwamba Salamabila ipo kweli, na dhahabu yake ipo kweli. Iko katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa Maniema, jirani na Kasongo, na mgodi wake wa Namoya ulichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Baadaye ukawa chini ya SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, ambayo kampuni ya Banro ya Canada iliinunua mwaka 1996. Namoya ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Haikudumu. Wanamgambo wa Mai-Mai Malaika waliusumbua mgodi na barabara zake, wafanyakazi walitekwa, na Septemba 2019 Banro ilisimamisha kazi. Wachimbaji wadogo kwa sululu na karai wameendelea kuishi na dhahabu hiyo hiyo, kwa vipimo vidogo kabisa.

Tapeli basi hana haja ya kutunga. Ukilitafuta jina la Salamabila kwenye simu utapata dhahabu, utapata bunduki, utapata barabara iliyofungwa. Kila alichokuambia kinathibitika, isipokuwa kwamba yeye ana dhahabu.

Swali la kwanza la kujiuliza ni la bei. Wanunuzi wa dhahabu wa Bukavu, Goma na Kampala hufuatilia bei ya London kila siku kwa simu zao, na wachuuzi wanaoshuka machimboni nao wana simu. Mwenye kilo hamsini Maniema ana watu chungu nzima wa kumlipa fedha taslimu karibu na bei ya dunia. Kwa nini amtafute mgeni wa Mombasa, Muscat au Toronto ampunguzie theluthi nzima? Muuzaji halali wa mtandaoni hufanya kinyume: huuza kipande cha gramu 10 kwa bei iliyo juu kidogo ya ile ya soko, kwa sababu kuna gharama ya kukiyeyusha, kukipiga chapa na kukisafirisha. Bei iliyo chini ya soko, ukiiona kwenye tangazo, ndiyo bei ya kitu ambacho hakipo.

Tena wale wanaonaswa si wajinga. Februari 2011 ndege ya kukodi aina ya Gulfstream ilizuiliwa katika uwanja wa Goma, na walioituma ni watu wa biashara ya mafuta wa Houston, wenye mawakili na wahasibu wao. Kwa mujibu wa Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, walikuwa wanatarajia kilo 475 za dhahabu kwa dola milioni 10, wakati soko lilikuwa tayari kulipa karibu mara mbili ya hizo. Kwanza mzigo ulisemekana uko Nairobi. Kisha ukawa uko Goma, na aliyeshika hatamu za biashara ni Jenerali Bosco Ntaganda, ambaye wakati huo alikuwa anatakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mamilioni ya dola yalipotea. Kilo 475 zingeenea ndani ya dumu la lita 20 na kibuyu cha lita 5. Kipimo hicho kidogo ndicho kilichofanya watu wazima waamini kwamba kazi yote ingemalizika kwa safari moja ya ndege.

Mei 2019 polisi wa Kenya walivamia nyumba moja Kileleshwa, Nairobi, wakakuta masanduku ya dhahabu feki. Mnunuzi alikuwa wa Dubai, na alikuwa ameambiwa kwamba mzigo wake wa kutoka Kongo umezuiliwa uwanja wa ndege. Safari ni ile ile: dhahabu iko mbele kidogo tu, imekwama, na kinachohitajika kuikwamua ni ada. Leo ya ghala, kesho ya bima, keshokutwa kodi. Aliye na dhahabu ya kweli angekata gramu chache, akampelekea sonara wa karibu, akalipa ada zote hizo kabla ya adhuhuri.

Ninavyoona mimi, kazi yote ya tapeli, barua zake zenye mihuri, video zake, haraka yake, ina lengo moja: kukuzuia usikutane na metali yenyewe ukiwa na mizani. Kwa sababu mizani inamuumbua kwa dakika mbili.

Kipimo chenyewe ni hiki. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya elektroniki, ile ya masonara inayosoma sehemu za gramu, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga kipande chako kwa uzi mwembamba, kitumbukize kizame chote bila kugusa chini wala pembeni, ukiushika uzi kwa mkono. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, umepata ujazo wa kipande. Kama ni gramu 100 za dhahabu safi, mizani itasoma 5.18. Fedha itasoma 9.5. Risasi itasoma 8.8. Shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki unaong'aa kuliko dhahabu yenyewe, itasoma karibu 11.8. Tofauti ni kubwa mno. Hata mkono ukitetemeka hukosi kuiona.

Dhahabu ya asili haitoki ardhini ikiwa safi, huja na fedha ndani yake. Ikiwa na sehemu 10 za fedha kwa 100, gramu zake 100 zitasoma kama 5.6. Hapo pana mtego mwingine wa kuuangalia: matangazo mengi huandika karati 22 na usafi wa asilimia 98 kwenye mstari mmoja. Karati 22 ni asilimia 91.7. Usafi wa 98 ni karati 23 na nusu. Aliyeandika hivyo hajawahi kuuza dhahabu kwa mtu anayepima. Kipimo cha maji pia hakifai kwa unga, kwa sababu hewa hunasa kati ya chembe, wala kwa dhahabu iliyochomwa zebaki, ambayo hubaki na vitundu kama sifongo na zebaki kidogo ndani. Kwanza iyeyushwe. Anayekataa kuyeyusha mbele yako, mwache na unga wake.

Kuna metali moja inayoishinda glasi. Tungsteni ina gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo, karibu sawa kabisa na dhahabu, na kiini chake kikifunikwa kwa dhahabu, maji hayatagundua. Nayo inatokana na wolframiti, madini ambayo Maniema yenyewe huchimba pamoja na bati. SOMINKI iliuza vyote viwili. Jiwe la sonara na tindikali husoma ngozi ya juu tu. Hata mashine ya eksirei ya mkononi hufika makumi machache ya mikroni, pungufu ya unene wa unywele. Dawa ni kukata, kutoboa au kuyeyusha: dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064, tungsteni husubiri hadi 3,422. Penye vipande visivyotakiwa kuharibiwa hutumika mawimbi ya sauti, yanayokimbia mita 3,240 kwa sekunde ndani ya dhahabu na zaidi ya 5,000 ndani ya tungsteni.

Kwa fedha mambo ni mepesi zaidi. Telezesha sumaku yenye nguvu juu ya kipande cha fedha kilichoinamishwa. Haitanasa, lakini itashuka polepole kama inayokokotwa, kwa sababu umeme mdogo huzaliwa ndani ya fedha na kuipinga. Utapeli wa fedha ninaoukuta mara nyingi hauhusu metali hata kidogo. Riali za Maria Theresa, ambazo Unguja ilizipigia hesabu enzi misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ikileta pembe za ndovu kutoka Kasongo, huuzwa mtandaoni kama sarafu za kale za mwaka 1780. Riali hiyo imeendelea kupigwa Vienna, na miji mingine pia, kwa tarehe ile ile ya 1780 hadi zama zetu. Iwe na gramu 28.07, isome karibu 2.75 kwenye maji, na ulipie fedha iliyomo, si umri ulioandikwa.

Mizani hata hivyo haijibu swali la asili. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa vipande visivyopungua 1,000 vya kilo moja, vyenye chapa za kughushi za viwanda vya Uswisi, vimegunduliwa sokoni. Dhahabu ndani yake ilikuwa ya kweli. Iliyoghushiwa ni chapa, njia nzuri ya kuficha dhahabu ya magendo na ya maeneo ya vita.

Kwa hiyo aliyeridhika na metali bado ana deni la kuuliza karatasi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo haitoki nchini kwa mkono wa mzee wa kijiji. Husafirishwa na kampuni yenye kibali cha kununua na kuuza nje, hupimwa na kufungwa lakiri na CEEC, ofisi ya serikali ya kuthaminisha madini, na hupewa cheti cha nchi za Maziwa Makuu. Namba ya cheti ihakikishwe kwa ofisi yenyewe, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe. Namba ya simu iliyo kwenye tangazo itapokelewa na binamu wa tapeli.

Na ukiwa umeshatuma fedha, piga simu benki au kampuni ya fedha za simu saa hiyo hiyo, kisha nenda polisi na risiti na ujumbe wote, bila kufuta hata mmoja. Baada ya siku chache huenda akakupigia mtu anayejiita wakili au afisa wa upelelezi, mpole, anayejua jina lako na kiasi ulichopoteza, akisema fedha zako zimepatikana na zinasubiri ada ndogo ya kuzitoa. Amelijua jina lako kwa sababu ameuziwa na wale wale wa mwanzo.