Mawingu Yakipita Bila Mvua

Mkulima wa Chamwino, Dodoma, ana msimu mmoja wa mvua. Hupanda uwele, mtama au karanga kuanzia Desemba, na mara nyingi Januari au Februari mvua hukatika mimea ikiwa bado michanga. Hapo ndipo mtu huanza kukosa usingizi, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Akipimwa malaria, hana. Anaambiwa apunguze mawazo.

Ushauri huo unanisikitisha, kwa sababu mtu huyo anaumwa kweli. Ubongo ukihisi hatari, huamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage homoni ya adrenalini, kisha ya kotisoli. Moyo huongeza kasi, ini hutoa akiba yake ya sukari, tumbo hupunguza kazi. Mbele ya nyoka shambani mpango huo ni mzuri kabisa: mtu anaruka, na baada ya muda mwili unatulia. Lakini ukame haukimbiwi wala haupigwi fimbo. Hatari inakaa wiki baada ya wiki, na kotisoli, ambayo kwa kawaida hushuka usiku, hushindwa kushuka inavyopaswa. Hali ikidumu, shinikizo la damu huweza kupanda, kinga ya mwili hulegea, vidonda huchelewa kupona.

Jambo hili limepimwa kwa majirani zetu. Mwaka 2013 Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walitoa matokeo ya vipimo vya mate vya wakulima wa Kianyaga, Kenya, na vya mafundi chuma wa Nairobi. Mvua ilipopungua, kotisoli ilipanda baada ya siku 10 hadi 20, na ilipanda zaidi kwa wakulima. Fundi naye aliishi kwa kipato kidogo, ila riziki yake haikutegemea mawingu. Hapa Tanzania, Craig Hadley na Crystal Patil waliandika mwaka 2006 kuhusu akina mama wa vijijini: kadiri chakula kilivyokuwa cha mashaka nyumbani, ndivyo dalili za wasiwasi na sonona zilivyozidi.

Ugogo, yaani eneo hili la Dodoma, una sababu zaidi ya kuogopa. Njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliua maelfu kwa maelfu ya watu. Anayehesabu madebe yaliyobaki ghalani Februari si mwoga, anajua anachokihesabu.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayefunga kipimo cha presha mkononi mwa mgonjwa mwezi huo amuulize pia chakula kilichobaki kitafika hadi lini, na usiku analala saa ngapi. Presha iliyopanda sana itibiwe papo hapo, bila kusubiri mvua. Iliyopanda kidogo ifuatiliwe, ipimwe tena baada ya wiki chache, na tena Juni, mavuno yakiwa yameingia. Na mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, mjini Dodoma, aelezwe wazi kwamba pale hutibiwa pia wasiwasi na sonona, asije akaacha kwenda kwa kuogopa kuitwa kichaa.