Ngozi za Kale za Kuandikia na Uchunguzi wa Wataalamu

Tarehe 23 Oktoba, mwaka 1731, nyumba moja ya Westminster mjini London ilishika moto. Ndani yake ilikuwamo maktaba ya Sir Robert Cotton, yenye maandiko ya kale yasiyo na kifani, na watu walioamka kwa kishindo walivitupa vitabu nje kwa madirishani ili kuviokoa. Miongoni mwa vilivyoguswa na moto ilikuwa nakala moja ya Magna Carta, yaani yale mapatano ambayo Mfalme John wa Uingereza aliyakubali mwaka 1215. Nakala za mwaka huo zilizosalia ni nne tu. Nakala hii iliungua pembeni, na muhuri wake wa nta ukayeyuka ukawa donge. Hata hivyo maandishi yake yalisomeka bado, kwa kuwa mwaka 1733 fundi John Pine aliyachora na kuyapiga chapa. Kilichoiharibu zaidi ni mkono wa mtu: miaka mia moja hivi baadaye palifanywa jaribio la kuitengeneza, na baada ya jaribio hilo sehemu kubwa ya wino haikuonekana tena.

Ili msomaji aelewe sababu ya hasara ya namna hiyo, yafaa ajue kwanza ngozi ya kuandikia ni kitu gani. Si ngozi ya viatu, ambayo huiva kwa dawa ya magome ya miti. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi hulowekwa katika maji ya chokaa, ikaparuliwa nywele na nyama, kisha ikawambwa kwa nguvu katika kiunzi na kuachwa ikauke hali imevutwa. Ni karibu na ngozi ya ngoma, na kila mpiga ngoma anajua tabia yake: ikipata umande hulegea, na ikisogezwa penye moto hukaza.

Ngozi hiyo imefanyizwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kila uzi wake ni nyuzi tatu nyembamba mno zilizosokotana mithili ya kamba. Joto na maji yakikutana, kamba hiyo hufumuka, ngozi hujikunyata, na mwisho hugeuka kuwa jelatini, ambayo ni jamaa ya ile gundi ambayo maseremala waliipata kwa kuchemsha ngozi na mifupa. Ngozi mpya huvumilia mpaka karibu digrii 60 za Sentigredi ikiwa imelowa. Lakini ngozi iliyochakaa kwa moto, kwa mwanga au kwa moshi wa miji huweza kuanza kujikunyata katika digrii 30 hivi, joto la mchana wa kawaida pale Mombasa. Kwa macho huenda ngozi hizo mbili zikafanana kabisa.

Basi siku hizi fundi mwangalifu hupima kwanza. Huchukua nyuzinyuzi chache, ambazo hazionekani vema pasipo hadubini, akazitia katika tone la maji juu ya kioo na kuzipasha moto polepole huku akizitazama. Nyuzi zinapoanza kujikunja, yeye husoma kipimajoto, na hapo hujua kama ngozi ile yaweza kuguswa na unyevu au la.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walipata njia isiyohitaji kukata hata uzi mmoja. Husugua ukurasa taratibu kwa raba ya kufutia, kama ile ya mtoto wa shule. Vumbi la raba hunasa chembe za protini; huwekwa katika kichupa, na mashine ya kupima uzito wa chembe hizo huonyesha ni mnyama gani aliyetoa ngozi. Mwaka 2015 walitangaza matokeo ya kupima Biblia ndogo 72 za karne ya 13, ambazo kurasa zake ni nyembamba mno hata watu wakadhani zilitokana na ndama wasiozaliwa, au sungura. Ilionekana kuwa ni ndama, mbuzi na kondoo wa kawaida, na wembamba ule ulikuwa ustadi wa mafundi.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2021, ulionyesha kwamba hati za sheria za Uingereza ziliandikwa karibu zote juu ya ngozi ya kondoo. Mchungaji yeyote angeweza kukisia sababu. Ngozi ya kondoo ina mafuta mengi katikati; mafuta yakitolewa, matabaka yake hayashikani sana, na mdanganyifu akikwangua neno ili aandike jingine, ngozi hubanduka na hila yake huonekana wazi. Kwa fundi wa leo habari hiyo si ndogo, kwa maana ngozi inayobanduka haifai kuvutwa kama ya ndama.

Ile Magna Carta iliyoungua haikutiwa dawa tena. Mwaka 2014 Maktaba ya Uingereza iliipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho. Chini ya mwanga wa namna hiyo ngozi hung'aa na mabaki ya wino hubaki meusi, na hivyo maneno mengi yaliyodhaniwa yamepotea yakasomeka.

Njia iliyo karibu na hiyo ilitumika pia mjini London kwa kitabu kikubwa cha ngozi cha mwaka 1639, chenye habari za mashamba ya Ireland ya kaskazini. Moto wa mwaka 1786 ulikikunjamanisha, na kwa zaidi ya miaka mia mbili hakuna aliyeweza kukisoma chote. Mafundi walizilainisha kurasa kwa unyevu mdogo tu, na palipokataa kufunguka hawakulazimisha. Kila ukurasa ulipigwa picha nyingi kutoka pande zote, kisha kompyuta ikayanyosha maandishi katika picha. Sasa kitabu kinasomeka, na ngozi zenyewe zingali na mikunjo ambayo moto uliziachia.