Land Rover si mtumbwi

 

Masika yanapokaribia kuna kauli moja ambayo huisikia kila mahali, kwenye vituo vya mafuta, gereji na hata katika maofisi ya watu wenye shahada zao. Kauli yenyewe ni hii: "Hili ni fowili, linapita popote." Fowili, kama madereva wetu wanavyoiita, ni gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne. Basi. Maana yake ni kwamba gurudumu la nyuma likiteleza kwenye tope, la mbele litasaidia kuvuta. Hakuna mahali popote katika kitabu cha gari hilo palipoandikwa kwamba linaweza kupumua ndani ya maji.

Nalisema hili kwa sababu nchi yetu maji inayajua. Tulikuwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Tulikuwa na mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoondoka na tuta la reli ya kati. Aprili 2024 ikawa zamu ya Rufiji na Kibiti. Kila mara magari yanayotumwa huko kupeleka dawa, unga na wagonjwa ni yale yale ya zamani: Land Rover za miguu mirefu, nyingine za Series III ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 1985, Defender ambazo nazo zilikoma 2016, na Land Cruiser za 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ. Ni magari ya kuaminika. Lakini gari la kuaminika ambalo halikuandaliwa huzama sawasawa na gari bovu.

Mimi si fundi makanika. Ni mwandishi wa habari wa redio ambaye kazi imempandisha katika magari ya watu wengi, akakaa gereji kwa saa nyingi akisubiri yapone. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa mafundi na madereva, nikayalinganisha na vitabu vya magari yenyewe.

Tuanze na pumzi ya injini, kwani hapo ndipo gari hufia. Injini huvuta hewa, huibana ndani ya silinda, na kutokana na kubanwa huko ndipo nguvu hupatikana. Hewa hubanika. Maji hayabaniki. Pistoni inapopanda na kukuta kikombe cha maji juu yake, kitu kimoja lazima kikubali kushindwa, na hakitakuwa maji. Konrodi hupinda, wakati mwingine huvunjika na kutoboa ubavu wa injini. Dizeli huumia zaidi kuliko petroli kwa sababu nafasi iliyoachwa juu ya pistoni ni ndogo sana. Na haichukui dakika. Ni mzunguko mmoja tu wa injini.

Ndiyo maana watu hufunga snokeli, lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Ni kitu kizuri, ila mjini imekuwa pambo kama miwani ya jua. Nimeona snokeli nyingi ambazo bomba lake linaungana na chujio la hewa kwa mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Snokeli ya namna hiyo ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Kuna jaribio ambalo halihitaji fedha. Washa injini, ikae katika mzunguko wake wa kawaida, kisha mtu apande na kuziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao bapa au plastiki ngumu; asitumie kiganja, maana injini ya dizeli huvuta kwa nguvu. Kama njia yote imeziba vizuri, injini itakabwa na kuzima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na hapo hapo ndipo itakapopata maji. Fuata bomba kwa mkono mpaka upate tundu. Katika Land Cruiser usisahau kile kipira kidogo chini ya nyumba ya chujio, kilichowekwa kutolea vumbi. Kikichakaa au kikipotea, huwa ni mlango wazi.

Umeme ni habari fupi kidogo. Dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme mwingi ili iendelee, na hiyo ndiyo siri ya sifa yake majini. Petroli ni jambo jingine. Distributa, koili na nyaya za plagi zikilowa, moto hupotea na gari huzima katikati ya mto. Madereva wa zamani wa Land Rover ya petroli yenye silinda nne walikuwa na ujanja ambao hunifurahisha kila ninapoukumbuka: glovu ya mpira ya kuoshea vyombo. Unakata ncha za vidole vyote vitano, unapitisha nyaya nne za plagi na mmoja wa koili, kila mmoja na kidole chake, kisha unaivalisha glovu distributa na kuifunga. Vidole vitano, nyaya tano, utadhani aliyeitengeneza glovu alikuwa na Land Rover nyumbani. Iondoe ukishavuka, kwani joto litatengeneza jasho humo ndani na jasho nalo ni maji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo linaloharibu magari mengi zaidi, ingawa hakuna anayeliona siku ile. Difu, giaboksi na hubu zina oili au grisi, na gari likitembea mwendo mrefu vitu hivyo hupata moto. Hewa iliyo ndani hutanuka, na ili isisukume sili nje, kila nyumba ya difu ina tundu dogo la kupumulia. Sasa chukua difu hiyo yenye moto uitumbukize ghafla katika maji baridi. Hewa ndani yake hunywea, difu huvuta pumzi, na kwa kuwa tundu lake liko chini ya maji, huvuta maji. Likiwa limeziba kwa tope, ndiyo vibaya zaidi, maji hupitia kwenye sili. Gari linavuka vizuri, watu wanapiga makofi. Baada ya wiki kadhaa oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, beringi zinalia, na mkuu wa karakana anasema vipuri vya siku hizi ni feki.

Dawa yake ni mpira mwembamba unaostahimili oili, mita chache tu, unaochomekwa kwenye kila tundu la kupumulia na kupandishwa hadi juu ndani ya boneti au nyuma ya taa. Katika matengenezo yote ninayoyataja leo, hili ndilo la bei nafuu kuliko yote na ndilo linaloachwa kuliko yote. Na kama kuna nafasi, simama dakika ishirini au nusu saa kabla ya kuingia majini ili difu na breki zipoe. Watu wanywe chai.

Wenye Land Rover wana jambo moja la ziada. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu lililoachwa makusudi ili oili inayovuja idondoke, isiloweshe klachi. Katika injini za dizeli zenye mkanda wa taiming kuna jingine chini ya kifuniko cha mkanda huo. Kiwanda kilitoa vizibo vya nati vya kuyafunga kabla ya kuingia majini, na kikaagiza vifunguliwe baadaye. Uliza katika gari lako vizibo hivyo viko wapi. Mara nyingi jibu ni kicheko.

Feni nayo itazamwe. Imetengenezwa kukata hewa. Ikikutana na maji ikiwa katika kasi, mapanga yake hupinda kuelekea mbele na kuitoboa rejeta. Wapo wanaolegeza feni belti wakati wa kuvuka, lakini katika magari haya ya zamani mkanda huo huo mara nyingi ndio unaoendesha pampu ya maji, hivyo ni kwa dakika chache tu na jicho likiwa kwenye geji ya joto. Mimi napenda njia ya turubai. Funga kipande cha turubai mbele ya gari kuanzia bampa hadi boneti. Gari likienda taratibu bila kusimama, hutengeneza wimbi mbele yake, na nyuma ya wimbi hilo, pale penye injini, maji hushuka. Kasi ni ile ya mtu anayetembea kwa haraka, gia nzito, namba mbili, na mguu usicheze na klachi. Ukisimama, wimbi linakurudia. Ukikimbia, unalipanda mwenyewe.

Kina je? Land Rover za zamani hizi kiwanda kilizipa nusu mita. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha kama sentimita 80, kwa hiyo nusu mita ni juu kidogo ya katikati ya gurudumu. Picha za kwenye kalenda, maji yakiwa juu ya boneti, zisahau.

Lakini nusu mita hiyo ni ya maji yaliyotulia, na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize. Chukua sakafu ya gari, urefu mita 4.5 na upana mita 1.6. Hiyo ni mita za mraba 7.2. Maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu na milango imefungwa vizuri, yanaliinua gari kwa nguvu ya kilo 720. Sentimita 30, kilo zaidi ya 2,100, ambayo ni karibu uzito wa gari zima. Magurudumu hayakanyagi tena kitu, na fowili yako haina tofauti na sanduku. Kwa bahati nzuri milango ya Land Rover huvuja, na kwa mara moja kasoro hiyo ni neema: maji yakiingia ndani gari hutulia chini. Na mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Hata wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huonya kwamba maji yaendayo yenye kina cha sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwemo haya makubwa. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo Desemba 2021 katika mto Enziu, Kitui, basi lilipojaribu kupita kwenye daraja lililofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wanakwenda harusini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nyuma ya gari la taasisi moja katika bonde la Kilombero, limebeba chanjo kwenye masanduku ya barafu. Maji yalikuwa yamekata barabara. Dereva, mzee aliyekaribia kustaafu, alishuka, akakata kijiti, akakitupa majini na kutembea nacho ukingoni. Kijiti kilimwacha. Akarudi.

"Bosi, haya hayavukiki."

"Mzee, gari hili lilinunuliwa kwa kazi hii hii," alijibu kijana aliyekaa siti ya kushoto. "Chanjo zikiharibika nani atajibu?"

Mzee akazima injini, akachomoa ufunguo na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Basi endesha wewe, bosi. Abiria wabaki nami huku."

Ufunguo ulirudishwa. Tulilala pale. Barafu ilipatikana kwa pikipiki kutoka tulikotoka, na asubuhi maji yaliposhuka tuliona kalvati halipo, barabara imekatika kama mkate. Hata hivyo barua ya onyo ilimfuata yule mzee ofisini, kwa kukaidi amri. Nasema wazi kwamba barua ile iliandikwa kwa mtu asiyestahili. Anayeamua kuvuka awe yule aliyeshika usukani, na uamuzi wake wa kutovuka usiwe kosa la kinidhamu.

Kupima kwa kutembea majini na fimbo ni desturi njema, hasa mjini kama pale Jangwani, ambako maji ya Msimbazi huficha mitaro isiyo na mifuniko. Lakini usiipeleke desturi hiyo Rufiji. Kule kuna mamba na viboko. Waulize wenyeji, nao watakuonyesha njia ilikokuwa.

Ikitokea injini imezima katikati, usipige stata. Usijaribu hata mara moja. Watu washuke kama mkondo unaruhusu, gari livutwe kwa kamba ambayo ilifungwa nyuma kabla ya kuingia, si kutafutwa wakati maji yako kiunoni. Nchi kavu fundi afungue plagi, na kwa dizeli nozeli au zile plagi za kupashia moto, azungushe injini ili maji yatoke, abadilishe oili, ndipo iwashwe.

Na ukivuka salama, fungua turubai mara moja kabla rejeta haijachemka, rudisha mkanda, ondoa vile vizibo. Endesha taratibu huku ukikanyaga breki kidogo kidogo, kwani breki za madrami hushika maji na hazitakusimamisha mteremkoni. Gari lilale usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legeza nati ya chini ya kila difu na giaboksi, zungusha kidogo tu, na kinga kiganja. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Yakitoka matone ya maji kwanza, mwaga oili yote uweke mpya siku hiyo hiyo. Ikitoka oili safi, kaza nati.