PAMPU HAIVUTI MAJI: Jinsi ya kuchagua na kutumia pampu ya kisima

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya pampu ya maji. Nasema hasa na ninyi wa Kang'ata na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, ambako kiangazi kikishika, maji huwa ndiyo kazi ya kutwa. Lakini mtu yeyote mwenye kisima asogee karibu, maana jambo hili linamhusu.

Tuseme umevuna mahindi, umeuza magunia kadhaa, na sasa unataka kulima nyanya na mchicha wakati wa kiangazi. Unakwenda mjini kununua pampu ya petroli. Muuzaji anaiwasha, inanguruma vizuri, unalipa. Ukifika nyumbani unaiweka juu ya kisima na kuteremsha mpira ndani. Mashine inanguruma, maji hayaji. Unaongeza mafuta, hayaji. Jirani wanasema umeuziwa pampu mbovu. Pengine si mbovu hata kidogo. Pengine maji yako yako mita 10 chini, na kwa urefu huo hakuna pampu ya kukaa juu, hata ingekuwa na nguvu ya ng'ombe ishirini, inayoweza kuyavuta. Hela ya mahindi imekwenda.

Sasa je, kwa nini iwe hivyo?

NANI ANAYELETA MAJI JUU?

Chukua chupa ya soda, ijaze maji mpaka juu kabisa, uzibe mdomo wake kwa kizibo kilichopitishwa mrija. Hakikisha hewa haipiti pembeni. Halafu jaribu kunywa. Utavuta mpaka mashavu yaume, na maji hayaji. Legeza kizibo kidogo hewa iingie, maji yatakuja mara moja.

Maana yake ni hii: si mdomo wako unaovuta maji, bali ni hewa inayoyasukuma. Hewa ina uzito, nayo inalalia maji wakati wote. Pampu kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba, ili pabaki mahali patupu, ambapo wataalamu hupaita ombwe. Hapo ndipo hewa iliyoko nje, inayolalia maji kisimani, huyasukuma yapande kwenye bomba.

Lakini nguvu ya hewa ina mwisho. Pwani kule Tanga, hewa inaweza kusimamisha maji kwenye bomba mpaka mita 10.3, basi. Mafundi wa pampu wa Italia waliliona jambo hili miaka mingi iliyopita, na mwaka 1644 mtaalamu Evangelista Torricelli aliandika maelezo yake. Na kadiri unavyopanda mlimani, hewa inazidi kuwa nyepesi. Handeni, kwenye mita 600 au 700 juu ya bahari, mwisho wake ni kama mita 9.5. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ni kama mita 8.7.

Hayo ni mahesabu ya bomba lisilovuja na pampu isiyo na kasoro. Shambani mpira husugua maji, viungo huvuja kidogo, na pampu huchakaa. Kwa hiyo shika kanuni hii: kwa sehemu zetu usitegemee pampu ivute zaidi ya mita 6, yaani kama futi 20. Zile pampu za kukanyaga kwa miguu za MoneyMaker, ambazo zilianzia Kenya miaka ya 1990, zilitengenezwa kuvuta mpaka mita 7 tu. Aliyezitengeneza aliijua hewa vizuri.

PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Kabla hujatoa hata senti, funga jiwe kwenye kamba, uiteremshe kisimani. Pima kutoka mahali pampu itakapokaa mpaka usoni pa maji, si mpaka chini ya kisima. Pima mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa sababu maji ya mwezi wa Mei yatakudanganya. Tena pima baada ya kuchota ndoo nyingi, maana maji hushuka unapoyatumia.

Ukipata mita 6 au pungufu, pampu ya kuvuta itakufaa, iwe ya mkono, ya miguu au ya petroli. Ukipata zaidi, tafuta pampu inayofanya kazi majini kwenyewe na kuyasukuma juu. Ziko pampu za kamba. Ziko za mkono kama Nira. Ziko na za umeme wa jua zinazozamishwa kisimani. Kusukuma hakutegemei uzito wa hewa, kunategemea nguvu ya pampu yenyewe.

Hapo kuna fundisho kubwa. Kama shamba lako liko juu ya mto au lambo, usiiweke pampu shambani. Iweke chini karibu na maji, ivute kidogo na isukume sana.

Lakini nawaonya: pampu ya petroli isiteremshwe kamwe ndani ya kisima au shimo. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulegea na kufa kabla hajajua kuna nini, na anayeshuka kumwokoa naye hufa. Hilo si jambo la kujaribu hata kwa dakika moja.

KUITUMIA NA KUITUNZA

Kwanza, mpira wa upande wa kuvuta uwe mgumu, wenye waya au pete za kuukaza. Mpira laini wa kumwagilia hubonyea ukawa bapa, njia ikaziba. Uwe mfupi uwezavyo, na usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu.

Pili, weka valvu yenye chujio kwenye ncha inayoingia majini, na ncha hiyo isiguse matope.

Tatu, jaza pampu na mpira maji kabla ya kuanza. Pampu nyingi za petroli haziwezi kuondoa hewa zikiwa kavu, na zikizunguka kavu huungua mipira yake ya ndani.

Nne, kagua uvujaji. Tundu dogo la sindano, ambalo kwenye mpira wa kusukuma lingetoa tone tu, kwenye mpira wa kuvuta huingiza hewa na kuua kazi yote. Pampu ikiwa inafanya kazi, paka povu la sabuni kwenye viungo. Povu likinyonywa ndani, umepata ugonjwa. Kaza, au funga kwa tyubu ya baiskeli. Kama maji hurudi kisimani kila unapopumzika, tazama valvu ya chini.

Tano, sikiliza mlio. Maji yakipunguziwa mgandamizo wa hewa huchemka hata bila moto. Viwandani, wanaokeneka mafuta huitumia tabia hiyo kwa makusudi: pampu ya ombwe huondoa hewa mtamboni, mafuta yachemke kwa joto dogo yasiungue. Lakini kwenye pampu ya bustani tabia hiyo ni adui. Ukivuta kupita kiasi, mapovu ya mvuke hutokea ndani, utasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, na chuma huanza kuliwa. Zima, safisha chujio, kisha isogeze pampu karibu na maji.

Basi ndugu mkulima, usichague pampu kwa ukubwa wa mashine wala kwa mngurumo wake. Chagua kwa kamba na jiwe. Ukiwa na mashaka, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako mkapime pamoja kabla gunia la mahindi halijatoka ghalani.

Mpaka wakati mwingine, nakutakia kilimo chema.