Damu ya Kilifi Inayomzuia Mdudu wa Malaria

Watoto wawili wa kijiji kimoja cha Kilifi, pwani ya Kenya, huumwa na mbu walewale. Mmoja homa humpanda hadi akashikwa na degedege, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Mwenzake huchemka mwili siku mbili tatu, kisha akarudi kucheza. Umri una nafasi yake katika tofauti hiyo, na kuwahi dawa pia. Lakini sehemu nyingine imo kwenye damu ambayo kila mmoja alizaliwa nayo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya selimundu imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu, ambako malaria ni haba. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga. Miongo kadhaa baadaye, watafiti wa Kilifi walikuta kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Ila aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe, pamoja na maumivu na upungufu wa damu. Kwa mzazi aliyemzika mwana kwa ugonjwa huo, kuiita jeni hii neema ni kumkosea.

Ndiyo maana Dantu inanivutia zaidi. Hii ni aina ya damu iliyo nadra karibu kote duniani, lakini Kilifi takriban mtu 1 kati ya 10 ana nakala moja ya jeni yake, na 1 kati ya 100 ana mbili. Nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa hadi asilimia 40. Mbili, tofauti na za selimundu, huongeza kinga hiyo hadi asilimia 70.

Inafanyaje kazi? Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake wa Kilifi na Cambridge walichapisha jibu katika jarida la Nature. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wakaviweka vimelea vya malaria pamoja na chembe zake nyekundu, wakarekodi video kupitia hadubini. Ili kimelea kizaliane ndani ya damu, lazima kipenye kwenye chembe nyekundu, na ili kipenye, lazima utando wa chembe hiyo ubonyee. Utando wa Dantu umekazwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri. Kimelea hugusa, husukuma, hushindwa kuingia. Chanzo ni jeni mbili za glaikoforini, protini za juu ya chembe, ambazo zamani zilikatika na kuungana upya.

Jambo la kutia moyo zaidi ni hili: hata katika damu ya kawaida mkazo hutofautiana kati ya chembe na chembe, na zile zilizokazika kupita kiwango fulani nazo haziingiliki kwa urahisi. Hivyo huenda dawa inayoongeza mkazo huo kidogo tu ingeweza kumkinga hata mtoto asiye na Dantu. Sharti lake ni gumu, kwa sababu chembe nyekundu hupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Ikikakamaa mno, itakwama humo.