Sauti ya Mnyonge katika Filamu za Njama za Makampuni

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi filamu za njama za makampuni zinavyowawakilisha watu wa Afrika ya Mashariki, hasa kwa upande wa lugha. Katika filamu za namna hii huwapo kampuni yenye siri, watu wanaodhurika kwa siri hiyo, na mtu anayeifichua. Swali la msingi ni hili: Mwafrika amepewa nafasi ipi kati ya hizo, naye asema kwa lugha gani?

Mfano ulio wazi ni The Constant Gardener (2005), iliyoongozwa na Fernando Meirelles wa Brazil kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Makampuni ya dawa yawafanya maskini wa Kenya kuwa vyombo vya majaribio. Baadhi ya picha zilipigwa Kibera na Loiyangalani, waigizaji Wakenya walishiriki, na Kiswahili chasikika. Kwa idadi ya nyuso, basi, filamu haina upungufu mkubwa. Lakini wafichuaji wakuu ni mwanadiplomasia Mwingereza na mkewe. Na Wanza Kilulu, mgonjwa aliyejaribiwa dawa, afa hospitalini karibu bila ya kutamka neno. Kiingereza ni lugha ya hoja na uamuzi. Kiswahili ni lugha ya njiani.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ilikusudia kuwashtaki wakubwa wa Ulaya, hivyo ilifaa mshtaki atoke miongoni mwao. Jibu hilo lina uzito, lakini latia shaka mtu akitazama yaliyotokea Mombasa bara.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007, kikawadhuru wakazi kwa sumu. Mfichuaji hakutoka ng'ambo: Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikatengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kisa hiki chamdai mtunzi wa filamu usikivu wa lugha. Jina la kijiji lenyewe launganisha jina la Kijaluo na neno la Kiswahili. Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Bandari na viwanda vikaleta wasemaji wa lugha za bara. Likoni Kidigo chasikika kando ya Kiswahili, na Kisauni Kigiriama. Kuwapa wote hao Kiswahili kimoja cha vitabuni ni kuwafuta. Hukumu zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtunzi akiwafanya wanakijiji wanyamaze mbele ya wakili, ataurudia unyonge ule ule anaodai kuulaani.

Kwa hiyo kuonekana si kuwakilishwa. Uwakilishi haupimwi kwa kuhesabu nyuso tu, bali kwa kuuliza ni nani anayetoa hoja, ni nani anayebadili mwendo wa kisa, na ni lugha ya nani inayoaminiwa kubeba ukweli.