Kesi ya Ngedere Isipelekwe kwa Nyani

Nilipokuwa nikisomea cheti cha ualimu, palikuwa na kijana mmoja katika timu ya kandanda ya chuo chetu ambaye mguu wake haukujua kukosa goli. Zilipobaki siku tisa kabla ya mashindano ya vyuo, mwanachuo mmoja wa kike alileta barua, akidai ya kuwa kijana yule amemvunjia heshima kwa nguvu. Mimi nilikuwa katibu wa wanachuo, na kwa mkono wangu niliipeleka barua ile kwa mkuu wa chuo. Mkuu aliisoma, akaikunja, akampa mwalimu wa michezo aishughulikie. Mwalimu wa michezo akasema, "Tucheze kwanza."

Tulicheza, tukashinda, tukabebana mabegani. Muhula uliofuata kitanda cha dada yule kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza. Hata leo sijui kama kijana yule alikuwa na hatia au la, maana hapana aliyechunguza.

Kumbukumbu hiyo ilinirudia niliposoma habari za vyuo vikuu vya Marekani, nchi ambayo jambo hili limezungumzwa hadharani kuliko nyingine nyingi. Huko mchezaji wa chuo kikuu si mtu mdogo. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huchukua watazamaji zaidi ya 107,000. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayepokea mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, bali ni kocha. Penye fedha na sifa nyingi kiasi hicho, mtu anayemlalamikia mchezaji hodari huonekana kama mtu aliyekuja kubomoa nyumba ya watu.

Hata hivyo sheria ipo. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya elimu ambayo sehemu yake ya tisa inakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na chuo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu. Baadaye ilifahamika ya kwamba chuo kinachopuuza malalamiko ya kunajisiwa kinamnyima mwanafunzi haki yake ya kusoma. Kwa hiyo chuo kina wajibu wake, na polisi wana wajibu wao. Polisi na mahakama hutafuta kosa la jinai, na huhitaji ushahidi usioacha shaka ya maana, kwani mwisho wake ni gereza. Chuo huuliza kama kanuni zake zimevunjwa, na adhabu yake kubwa ni kumfukuza mtu masomoni. Kazi hizi mbili zaweza kwenda pamoja, lakini moja haiwi kisingizio cha kuacha nyingine.

Tuangalie sasa vyuo vikuu viwili vilivyokosea, kila kimoja kwa njia yake.

Cha kwanza ni Baylor, chuo cha Wabaptisti kilichoko mjini Waco, Texas. Timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi, kisha ikainuka chini ya kocha Art Briles, ikatwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 2013, na mwaka 2014 ikafunguliwa kiwanja kipya cha fahari. Lakini katika mwaka huo huo wa 2014 mchezaji wake mmoja wa zamani alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kunajisi, na malalamiko mengine yakazidi kujitokeza. Ajabu ni kwamba hadi Novemba 2014 chuo hicho hakikuwa na hata ofisa mmoja ambaye kazi yake yote ni kuisimamia ile sheria ya 1972.

Mwezi Mei 2016 baraza la utawala la chuo lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa na mawakili kutoka nje. Iligunduliwa ya kwamba baadhi ya watu wa idara ya mpira walipopata habari za tuhuma dhidi ya wachezaji, hawakuzifikisha mahali panapostahili. Walikutana wenyewe na walalamikaji, au na wazazi wao, na wakajifanyia uchunguzi wao wenyewe. Kocha Briles aliondolewa kazini. Rais wa chuo, Kenneth Starr, aliondolewa katika cheo hicho, naye ndiye yule mwanasheria aliyepata jina duniani kwa kumchunguza Rais Clinton. Chuo kilipewa mapendekezo 105 ya kujirekebisha. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Marekani ikakitoza faini ya zaidi ya dola 460,000 kwa kukiuka sheria ya kutoa taarifa za uhalifu vyuoni. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.

Chuo cha pili ni Duke, kilichoko Durham, North Carolina. Huko kosa lilikuwa kinyume chake. Mwezi Machi 2006 mwanamke mmoja aliyekodiwa kucheza ngoma katika karamu ya wachezaji wa lakrosi alidai ya kuwa amenajisiwa na baadhi yao. Kabla ya ukweli kupembuliwa, hukumu ilikwisha kutolewa magazetini na barabarani. Msimu wa michezo ulifutwa, kocha akalazimika kujiuzulu, na vijana watatu wakashtakiwa. Mwendesha mashtaka wa wilaya, Mike Nifong, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta kura, alizuia sehemu ya matokeo ya vipimo vya maabara yaliyokuwa yakiwatetea washtakiwa. Mwezi Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alitamka wazi ya kwamba vijana wale watatu hawana hatia. Nifong alifutwa katika orodha ya mawakili mwezi Juni mwaka ule ule, na baadaye rais wa Duke akaomba radhi hadharani kwa kutosimama vema na wanafunzi hao.

Wako watu wanaoishika habari ya Duke na kusema, "Mnaona? Wanawake husingizia." Wako na wengine wanaoishika habari ya Baylor na kusema, "Mnaona? Wachezaji wote ni hao hao." Wote wawili wamekosa njia. Kule Baylor walalamikaji hawakusikilizwa kwa sababu wasikilizaji walikuwa na timu ya kulinda. Kule Durham washtakiwa hawakusikilizwa kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa na uchaguzi wa kushinda. Ugonjwa ni mmoja, nao ni huu: shauri liliangukia mikononi mwa mtu mwenye faida yake katika matokeo. Wahenga walituonya zamani kuhusu kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani.

Marekani wenyewe wamekuwa wakiitafuta njia ya katikati, na kanuni zimegeuzwa mara kadhaa kila serikali ilipobadilika. Kanuni za mwaka 2020 zilibadilishwa mwaka 2024, na mwezi Januari 2025 mahakama ya shirikisho ikayafuta mabadiliko hayo, zile za 2020 zikarudi. Kwa kanuni hizo, mtuhumiwa hupewa tuhuma zake kwa maandishi; kila upande unaruhusiwa kuwa na mshauri; ushahidi huonyeshwa kwa pande zote mbili; na anayetoa uamuzi hawezi kuwa yule yule aliyepeleleza. Wako wanaolalamika ya kuwa mahojiano mbele ya kikao humwongezea mlalamikaji machungu, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kumtenga mpelelezi na mwamuzi ni jambo ambalo kila askari aliyepata kusimama mbele ya mkubwa wake atalielewa bila ya kufundishwa.

Jambo hili si la ugenini tu. Tangu miaka ya 1970 vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda Marekani kusoma kwa nguvu ya miguu yao. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Leo wapo wengine wengi, wavulana kwa wasichana. Mzazi anayemfungia mwanawe mizigo ya safari, pamoja na kumwombea dua, na amwambie mambo matatu. La kwanza, idhini ya mwenzako ni lazima, wala mtu aliyelewa au aliyelala hawezi kuitoa. La pili, ukitendewa uovu, usiishie kwa kocha. Nenda kwa ofisa wa chuo anayehusika, nenda hospitali mapema, na polisi wako wazi kwako. La tatu, ukituhumiwa, usikimbie wala usimtishe mlalamikaji. Tafuta mshauri, useme kweli.

Na sisi tuliobaki nyumbani, wenye timu za kambi, za vituo vya polisi, za shule na za vyuo, tujiulize: barua kama ile niliyoibeba ikija leo, itafika mezani kwa nani? Ikiwa itafika kwa mwenye kuhesabu magoli, basi bado hatujajifunza. Apewe mtu asiyejali nani atacheza Jumamosi, asikilize pande zote mbili, aandike, atoe jibu kabla ya kikombe na si baada yake.

Kikombe tulichoshinda mwaka ule nilikiona tena nilipopita chuoni kwetu. Kimeshika kutu. Jina la dada yule halimo katika orodha ya waliohitimu.